Kila Jumamosi mkewe anamnyoa mwanamume mwingine

Ijumaa, Februari 10, 1995, ndiyo siku mambo ya Nestor Rwegasira yalipoharibika. Asubuhi mkewe, Imaculata, alimnyoa mgonjwa ndevu. Jioni gari la Imaculata liliteleza kwenye barafu akienda zamu nyingine Fridley, kitongoji cha Minneapolis, akafa.

Leo, mwaka mmoja na nusu baadaye, bado Imaculata ananyoa. Nestor, mzaliwa wa Bukoba mwenye umri wa miaka 51, amesimama nyuma ya projekta katika sinema ndogo jijini Minneapolis, Marekani, akichungulia kwenye tundu la ukutani. Filamu ni ya Martin, kijana aliyejipiga picha mwenyewe akifa kwa Ukimwi huku wakubwa wa serikali, kwa maneno ya Nestor, "wamekaa maofisini wakingoja wagonjwa waishe."

Kwenye pazia Imaculata, aliyekuwa mlezi wa wagonjwa hao, anavuta wembe taratibu. Anapuliza povu lililoganda sikioni mwa Martin. Wote wawili wanacheka.

"Miaka ishirini na miwili ya ndoa, najinyoa mwenyewe," anasema Nestor. "Hata kupulizwa sikio sijawahi!"

"Mzee, yaani unamwonea wivu marehemu?" anamtania Wanjala, Mkenya anayekata tiketi.

"Marehemu kabaki na mke wangu. Mimi nina picha ya pasipoti, tena amenuna."

Wivu wake hauishii kwa Martin. Maurice, mpenzi wa Martin, huketi mstari wa mbele kila Jumamosi. Taa zikiwaka, watu humkumbatia.

"Yeye analia hadharani, anapewa maua. Mimi nilipewa siku tatu, nikaambiwa nirudi kazini."

Filamu ikikatika, Nestor huiunganisha, na vipande vilivyoharibika hutupwa. Mkasi anao. Mara mbili ameusogeza penye ule wembe, akitaka kipande hicho kiwe chake.

"Nikikata, Maurice naye atapungukiwa. Nikauweka chini. Lakini usinisifu, roho ilitaka."

Jumamosi iliyopita uzalendo ulimshinda. Alimfuata Maurice ngazini: "Yule mama anayenyoa ni mke wangu."

Maurice alikaa chini palepale. "Wewe ndiye Nestor? Alituambia unaimba vibaya bafuni."

Kesho yake alimletea mkanda wa siku ile ya kunyoa, sehemu iliyobaki bila kutumika kwenye filamu. Humo ndevu zimekwisha, simu inalia. Imaculata anaipokea, povu bado mkononi.

"Lakini theluji, bosi..." Anasikiliza. "Haya. Nitakwenda."

Kampuni iliyomwajiri Imaculata hushikilia kwamba zamu ile ya Fridley aliiomba mwenyewe. Msimamizi anasema hakupiga simu yoyote. Mkubwa wake naye anasema vivyo hivyo.

Jumatatu, siku ambayo sinema hufungwa, Nestor amepanga kuwaonyesha mkanda huo. Amewaalika wote, na viti vya mbele amevifuta vumbi kwa mkono wake. Mpaka jana hakuna aliyejibu.

"Wakija sitawapigia kelele," anasema. "Wataona anavyocheka, wataona simu inavyolia. Halafu nitawasha taa niwaulize: nani alikuwa upande wa pili?"