Saa Dawa Ilipomtoka

Tulikuwa tukiishi Kilungu kwa mama mkwe, nyumba ikiwa chini kabisa ya mlima. Binti yangu alikuwa darasa la pili. Daktari wa Nairobi alikuwa amempa vidonge vya kumsaidia kutulia, maana shuleni hakuweza kukaa kwenye dawati hata wimbo mmoja uishe.

Vidonge vilifanya kazi, mwalimu akafurahi. Lakini kila alasiri, kivuli cha mlima kilipofika uani, mtoto alibadilika. Alizunguka nyumba akigusa kila mlango, huku akilia bila kujua analilia nini. Kuku walimkwepa. Nilipomshika alinitazama kama mtu aliyeamshwa katika nyumba asiyoijua.

"Mwaitu, nitoe," aliniambia siku moja, akiniita mama kwa Kikamba.

"Nikutoe wapi, mama?"

"Humu." Akajigusa kifua.

Mama mkwe alisikia. Tangu siku hiyo akawa anafunga madirisha mapema. "Huyu si yule niliyempa uji asubuhi," alininong'oneza. "Kuna kitu kinakuja saa hii, na njia kinaijua." Alitaka wamama wa maombi waje wamzunguke. Nilikataa, ingawa mwenyewe nilikuwa nimeanza kukiogopa kile kivuli kikishuka.

Nilirudi kwa daktari. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mchana anakula?"

"Chakula kinarudi nyumbani vile kilivyoenda."

"Dawa inamkata hamu ya kula. Ikimtoka jioni, inamtoka ghafla, na yale yote iliyoyatuliza yanamrudia kwa pamoja, naye ana njaa na amechoka. Usiongeze wala usipunguze dawa wewe mwenyewe."

Akamwandikia kipimo kidogo cha dawa cha kuongezea mchana. Akasema ashibe kabla ya kidonge cha asubuhi, apewe chakula mara atokapo shule, na saa ile asitumwe wala kuulizwaulizwa.

Mama mkwe ndiye aliyekuwa akimngoja getini na viazi vitamu na maziwa. Walikaa jikoni wakipukuchua mbaazi. Ile hali haikukoma mara moja. Ilipungua polepole, hata jioni moja nikagundua kwamba giza limeingia na hakuna aliyelia.

Sasa ni mtu mzima. Nilimuuliza anakumbuka nini kuhusu jioni zile.

"Niliwaona nyote wawili, wewe na nyanya," alisema, "lakini kwa mbali sana. Na mlikuwa mnaongea na mtu aliyesimama nyuma yangu."