Jina la Nonie kwenye Jiwe la Glounabricka

Nonie alipokufa, ndipo Thade Kelleher alipojua kwamba hajui kuandika barua. Sahihi alijua kuweka. Lakini miaka yote ile, barua za vita vya uhuru dhidi ya Waingereza zilizotoka nyumbani kwake kwenda Dublin aliziandika mkewe. Nonie mezani na kalamu, Thade kwenye moto na kiko.

"Andika hapo tulikuwa tayari kufa."

Nonie anaandika.

"Andika adui alirudi nyuma."

Nonie anamtazama kidogo juu ya miwani. Anaandika.

Ushujaa ulikuwa wa Thade, mwandiko wa Nonie. Na ile ofisi ya Dublin iliyokuwa ikikusanya kumbukumbu za wapiganaji ilipokea, ikashukuru, ikaomba zaidi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Vita vya njia panda ya Glounabricka vilizidi kurefuka, hata kwenye barua ya mwisho vikafika adhuhuri.

Basi, mwezi wa Machi baada ya mazishi, ikaja barua ya kamati. Kamati ilitaka kusimamisha jiwe pale njia panda, lichongwe majina ya waliopigana. Katibu alikuwa Garvan Tuohy, mwalimu mkuu wa shule, mtu aliyekuwa bado ananyonya vita vikiendelea. Alimwomba Thade ayatazame majina, kama kuna aliyesahauliwa.

Thade akayasoma kwa kidole. Siku ya tukio wanaume walikuwa wachache, wangeenea kwenye benchi moja la baa. Kwenye karatasi walikuwa umati. Wangekuwapo wote hao, Waingereza wasingehitaji kuviziwa, wangekosa tu pa kupita. Mchinja nyama yumo, na mwaka ule alikuwa Boston. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Glounabricka, wasiokuwepo ndio waliokuwa na lao.

Nonie hayumo.

Katika barua zote alizoziandika kwa mkono wake, Nonie hakujiandika hata mara moja. Wala Thade hakuwahi kumwambia, "Jiandike na wewe." Hilo lilimkaa kifuani kama mfupa wa samaki.

Maana ukweli wa Glounabricka ni huu. Habari ilitoka kambini kwa Waingereza kwamba lori la askari litapita saa mbili asubuhi. Siku zile nchi ilikuwa na saa za aina mbili: saa ya mfalme, iliyosogezwa mbele kwa amri, na saa ya zamani, ambayo watu wa vijijini waliiita saa ya Mungu. Mzalendo wa kweli hakusogeza saa yake kwa ajili ya mfalme yeyote. Nonie, aliyekuwa mtumishi wa duka mjini, aliuliza, "Saa mbili ya nani?" Akajibiwa na Batt Cotter, mpiganaji mwenzake Thade, "Saa ni moja tu, ya Mungu."

Nonie hakubishana. Alfajiri akafunga punda kwenye mkokoteni, bunduki za vijana chini, mboji kavu ya kuwashia moto juu, akaenda. Alijua lori la mfalme litakwenda kwa saa ya mfalme.

Likaja. Likatumbukia kwenye handaki walilochimba vijana usiku. Nonie peke yake barabarani, amekalia bunduki zote za kijiji, na vijana wako ghalani kwa mama yake Batt, wanakula mayai. Askari wakaazima punda wake. Wakasukuma, punda akavuta, lori likatoka. Sajenti akamshukuru, akampa sigara. Wakaenda zao.

Mashujaa walipofika, walimkuta amekaa juu ya mboji anavuta.

"Mmekuja kumzika nani?" akawauliza.

Kwa kuwa ni aibu kurudi nyumbani na risasi zote, walipiga chache hewani. Mlio huo ndio vita vya Glounabricka.

Thade akaenda shuleni kumwona mwalimu.

"Mke wangu hayumo," akasema.

"Mzee wangu, mama yetu tunamheshimu sana," akasema Tuohy. "Tunaweza kuweka mstari chini kabisa. 'Na akina mama waliopika chai.'"

"Chai tuliinywa sisi."

"Ndiyo, mzee. Sasa?"

"Tuliinywa yeye akiwa barabarani."

Akamweleza yote. Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaifuta tena. "Mzee, una majonzi, nakuelewa. Lakini kamati haiwezi kufuata neno la mtu mmoja. Una shahidi?"

Shahidi aliyebaki hai ni Batt Cotter, na Batt alikaa ng'ambo ya barabara, mlango ukitazamana na mlango. Lakini Waingereza walipoondoka, wapiganaji wenyewe kwa wenyewe walipigana juu ya mkataba wa amani. Thade aliukubali, Batt aliukataa. Tangu hapo hawakuwa wamesemezana. Nyasi za Thade zikikatwa, Batt anakuja na uma wake wa nyasi, anafanya kazi mpaka jioni, akitaka kitu anamwambia mbwa. Nonie alipokufa, Batt ndiye aliyechimba kaburi, kama inavyompasa jirani. Alichimba vizuri. Hakusema pole.

Thade akakaa mezani pa Nonie. Ilimchukua jioni nzima.

*Batt. Nonie alikuwa barabarani. Sisi tulikuwa tunakula. Unajua. Weka sahihi. T. Kelleher.*

Akampa Jack wa posta. Jack akasoma anwani, akatazama ng'ambo ya barabara.

"Thade, mtu mwenyewe yule pale. Ukipiga chafya anakuombea afya."

"Haniombei. Piga muhuri."

Barua ikasafiri kwa baiskeli hadi mjini, ikalala huko, ikarudi kesho yake ikapita mbele ya mlango wa Thade, ikaingia kwa Batt. Jibu likapita njia hiyo hiyo.

*Kelleher. Najua. Sahihi nimeweka. Lakini aliyesema tumalize mayai kwanza ni wewe. B. Cotter.*

Thade akalisoma mara mbili. Ilikuwa kweli. Akalikunja akalipeleka kwa mwalimu, na mayai yake humo humo.

Tuohy alisoma amesimama, akamaliza amekaa. Baba mkwe wake alikuwa kwenye orodha. Askofu alishaalikwa, na waziri kutoka Dublin.

"Mzee, hii ikiingia gazetini, jiwe litabaki bila mtu."

"Litabaki na mmoja."

"Watu watatucheka nchi nzima."

"Nonie alitucheka mapema. Hatukufa."

Mwalimu akaitazama tena sahihi ya Batt. Halafu, polepole, "Unataka nini hasa, mzee wangu?"

Hapo Thade angeweza kusema, nataka ukweli. Lakini alikuwa mtu mzima, mgane, na alitaka kitu kimoja tu.

"Jina lake. Lisomeke."

"Litakuwa la kwanza. Kwa dhahabu. Nakuapia." Na mwalimu akaichukua ile barua ya Batt, akaiingiza kwenye koti taratibu, kama anayemlaza mtoto. Haikuonekana tena.

Siku ya jiwe mvua ilinyesha, kama ilivyo haki yake. Bendera iliyofunika jiwe ikavutwa, na kweli jina la Nonie likawa juu ya wanaume wote, linang'aa. Thade akavua kofia. Moyo ukamtulia kidogo, kwa mara ya kwanza tangu kaburini.

Ndipo waziri akaanza kuhutubia. Akamtaja Kamanda Nonie Kelleher, simba jike wa Glounabricka, aliyefyatua risasi ya kwanza na kumwangusha sajenti.

Thade akageuka kumtazama mwalimu. Mwalimu alikuwa anaitazama mvua. Jina la kwanza kwa dhahabu lilihitaji sababu, naye alikuwa ameitafuta.

Nonie hakuwahi kushika bunduki kwa upande wa kufyatulia. Hata kuku alichinjiwa. Waliokuwa karibu walimsikia Batt akimwambia mbwa wake, "Kamanda."

Baada ya hapo wote baa. Thade alinunuliwa bia mpaka meza ikajaa.

"Mama alikuwa mkali, eh?" akauliza mchinja nyama. "Namkumbuka kama jana, na bunduki yake."

"Ulikuwa Boston," Thade akamwambia. "Naye alikuwa anaogopa. Aliniambia magoti yaligongana mpaka mboji ikadondoka. Alimwangalia yule sajenti, akawaza mama yake sajenti. Hakuua mtu. Alikwenda tu, kwa sababu alisema atakwenda."

Watu wakatazamana, wakamhurumia. Mtu akampiga bega taratibu. "Unyenyekevu wa mzee wetu," akasema Tuohy. "Na msiba bado mbichi. Mwongezeeni."

Thade akainuka, akamtazama Batt aliyekaa pembeni, akamwambia yeye mwenyewe, si mbwa:

"Waambie."

Baa nzima ikageuka. Batt akanywa funda, akafuta povu mdomoni.

"Jiwe limeshachongwa, Thade."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyopata kinywani mwake tangu mkataba. Thade aliona bora yale ya posta.

Akarudi nyumbani, akavua viatu, akaketi mezani pa Nonie. Akaiandikia ofisi ya Dublin kwa mkono wake, herufi zinapanda na kushuka kama mbuzi mlimani: *Mke wangu aliogopa bunduki. Alikwenda hivyo hivyo. Kwa jiwe lile mimi ndiye wa kulaumiwa.* Akasaini.

Dublin wakajibu baada ya wiki chache. Walimshukuru sana. Walisema habari za Kamanda zimewafikia kupitia kwa waziri, wakamwomba, kama haitamsumbua, awatumie picha ya mkewe.

Anayo moja, ya siku ya arusi. Nonie amefumba macho, anacheka.

Hakuituma.