Radhi ya Mama Asiyenijua

Mama aliniomba nimsaidie kufa huku anamenya vitunguu, jikoni kwetu Temeke, akili zake timamu kabisa.

Alikuwa ametoka kwa daktari. Kaambiwa ugonjwa wa kusahau umeshaanza, utamla taratibu mpaka asitujue.

"Wafa, siku nikishindwa kukujua, nikipata homa usinihangaikie. Hospitali usinipeleke. Niache niende. Ukinigeuka, radhi yangu huipati."

Radhi ya mama si mchezo, jamani. Nikaahidi.

Miaka ikapita, akaanza kuniita dada. Yule Bi Zubeida mkali, muuza vitenge wa Kinondoni ambaye wateja walimkoma kwa maneno, akaondoka. Akabaki bibi mpole anayependa embe na kuchekacheka na paka wa jirani.

Halafu homa ya mapafu ikamshika. Anahema kwa shida, midomo imekauka. Kaka yangu Hashil kasimama mlangoni.

"Mama alishasema, Wafa. Tutulie tu."

"Alisema yule. Huyu je, tumemuuliza?"

"Huyu ana akili ya kuchagua, kweli?"

Nikapiga magoti kando ya kitanda. "Mama, twende hospitali?"

Akanibana mkono. "Nipeleke, dada. Mie naogopa kufa."

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Nikaita bajaji. Hashil akanisaidia kumpakia mama, uso kanikunjia.

Alipona homa, lakini hakuinuka tena. Vidonda vya mgongo vikamtafuna, embe akawa hazitaki, kutwa analia. Yote aliyoyaogopa siku ile ya vitunguu yakamkuta, na mie ndiye niliyemrudisha ayapate. Iliniuma, inaniuma mpaka leo.

Asubuhi moja namgeuza ubavu, akanitazama vizuri.

"Dada, umenitunza. Nimekuwia radhi."

Nikalia kama mtoto. Nikaubusu mkono wake, nikajua mzigo umeshuka.

"Ila mwanangu Wafa," akaendelea, sauti imefifia, "aliniahidi jambo, akanigeuka. Yule sina radhi naye."

Alifariki wiki ileile. Hakuniita jina tena.

Wajuaji mtaniambia nilipaswa kumtii mama yupi. Mie nawausia moja tu. Mzazi akikuomba jambo kama hili, usiitikie haraka ili umnyamazishe. Kaa naye, lieni wote, umwambie kwamba huenda ukashindwa. Mie sikumwambia.