Mgeni wa Kiti cha Mbele

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana nikianza sitaki kukatizwa. Najua mtakavyosema: huyu ni mtu wa Tanga, majini kayabeba mwenyewe kwenye begi. Nimeshaambiwa hivyo mpaka nimechoka. Lakini haya sikuyasikia kwa mtu. Yalinikuta mimi mwenyewe, akili zangu timamu, na jua bado lipo.

Kazi yangu ni kuzungusha wageni. Nilianzia kwetu Tanga, nawapeleka watu kwenye nyumba za kale na mapangoni, na panapotaka chumvi naongeza chumvi. Mume wangu alipohamishiwa Dodoma kikazi nikaja naye, nikanunua kagari, nikaanza upya. Watu walinicheka. Dodoma utawaonyesha nini, vumbi? Wee! Wageni wapo. Wazazi waliokuja kwenye mahafali ya watoto wao, watu wa semina, ndugu za waheshimiwa. Siku moja mgeni mmoja au familia moja, mimi na mdomo wangu. Nawapitisha Bungeni kwa nje, stesheni ya treni ya umeme, kwenye zabibu, na tunamalizia juu ya mlima wa mawe kuutazama mji jua likizama.

Kagari kangu kana tabia moja, na naomba uishike maana nitairudia. Ukikaa kiti cha mbele bila kufunga mkanda, gari linalia. Na halilii kistaarabu. Hata ukiweka fuko la vitunguu linalia, mpaka uvifunge vitunguu mkanda. Fundi kashindwa nalo, nikalizoea.

Huwa naegesha Makole, karibu na genge la Mama Meshaki. Ni mama wa Kigogo, mtu mzima sasa, anauza karanga na mlenda mkavu. Tunataniana kila asubuhi.

“Binti wa Tanga, leo umewadanganya wangapi?”

“Sijapata wa kumdanganya bado. Nipimie karanga kwanza.”

Basi siku hiyo mgeni wangu akaahirisha. Ilikuwa alasiri, Mama Meshaki kafunga mapema kaenda zake kwenye maombi, nami nikawa najiandaa kurudi nyumbani nimenuna. Kugeuka, namkuta mzee kasimama ubavuni mwa gari. Mzee mrefu, koti kuukuu la kaki juu ya shuka, fimbo mkononi, na ndewe za masikio zimening’inia tupu, kama wazee wa Kigogo wa zamani. Nikamwamkia.

“Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayeonyesha watu mji?”

“Ndiye mimi, babu.”

“Na mimi nionyeshe.”

Sijui ni sauti yake au ni vile alivyoyashika maneno mawili matatu ya Kiswahili kwa uangalifu, kama mtu anayevuka mto. Moyo wangu ukamwendea. Nikamfungulia mlango wa mbele, akaingia polepole, akaiweka fimbo kati ya magoti. Alinukia moshi, maziwa na zizi la ng’ombe. Nikawasha gari tukaondoka. Mkanda hakufunga, na gari halikulia. Niamini, wakati ule sikulitia hilo maanani. Nilidhani limepona.

Nikaanza hotuba yangu. Babu, hapa ni Bungeni. Babu, hii ndiyo stesheni mpya, mtu anapanda treni hapa akafungue swaumu Dar es Salaam. Nilikuwa najisikia kweli kweli. Yeye akawa anatazama kwa adabu, kama unavyotazamishwa picha za harusi ya watu usiowajua. Kila tukifika mahali, anauliza jambo moja tu.

“Watu waliokuwa wakikaa hapa wamekwenda wapi?”

“Wamehama, babu. Walipewa viwanja kwingine.”

“Wote?”

“Wote.”

“Hakuna aliyesahauliwa?”

Mara ya kwanza nikacheka. Mara ya pili nikajibu vizuri. Tulipofika kwenye mashamba ya zabibu akauliza tena, nikaona sasa huyu babu ananichosha, nikamwambia, “Babu, nchi haisahau watu wake, wote wamehama salama.” Akageuza shingo akanitazama. Macho yake yalikuwa na huruma, na huruma yenyewe ilikuwa juu yangu mimi.

Kisha akaninyooshea njia kwa fimbo. Pita huku. Kata pale. Tukatoka nje kidogo ya mji, upande wanakojenga sana siku hizi, tukasimama kwenye kiwanja kilichozungushiwa mabati. Geti lilikuwa wazi. Ndani kulikuwa na lundo la kokoto, rundo la mchanga, na kijiko kimeegeshwa kikisubiri kuchimba msingi. Mzee akashuka. Nami nikashuka nyuma yake, ningemwacha aanguke?

Akasimama karibu na kokoto. Jua lilikuwa limeshuka, limekuwa jekundu lile la Dodoma.

“Hapa palikuwa zizi langu,” akasema. “Kaya yangu ilikuwa hapa. Mke wangu walimlaza kule nje, penye ule mchanga. Mimi walinilaza zizini. Kwetu mwenye kaya hulala na ng’ombe wake.”

Jamani! Walinilaza? Nikajua. Mwili ulijua kabla ya kichwa, maana nywele zilikuwa zimeshanisimama chini ya ushungi. Nikaianza Ayatul Kursiy, niliyoisoma tangu madrasa, ikanipotelea katikati. Mimi, binti wa Tanga!

“Walipokuja kuhamisha makaburi nilisikia majembe,” akaendelea. “Nikasikia wanangu wakiimba. Wakamtoa mama yao. Wakamtoa ndugu yangu. Nami nikajiweka tayari, nikasema sasa ni zamu yangu. Nikangoja. Gari likawaka, wakaondoka wakiimba.”

Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ningetimua mbio na kiatu kimoja. Alisema kama mtoto aliyebaki shuleni jioni, wenzake wote wameshachukuliwa. Woga wangu ukachanganyika na uchungu, machozi yakanitoka.

“Si watarudi, babu?”

“Hawarudi. Wanadhani nimo. Walichota udongo mtupu, wakaujengea msalaba wenye jina langu. Mke wangu analala na udongo.” Akakitazama kijiko. “Na hiki kikianza, basi tena.”

“Sasa mimi nifanye nini? Mimi hata si mtu wa huku.”

“Kazi yako si kuonyesha watu mahali? Muonyeshe Yudita, mwanangu wa mwisho. Yule unayenunua karanga kwake. Mwambie ushanga wake ninao.”

“We dada!” Mlinzi alitokea getini na rungu. “Huku haturuhusu watu. Na unaongea na nani hapo?”

Niligeuka kumjibu. Niliporudisha uso, hakuna mtu. Mabati pande zote, geti moja, na getini yupo mlinzi. Wewe niambie, angepita wapi? Nilichomuuliza mlinzi ni lini wanaanza kuchimba. Akasema wiki ijayo. Nikaendesha mpaka nyumbani taa zote za ndani ya gari zinawaka, nikalala nimemkumbatia mume wangu kama mwali.

Asubuhi nilikwenda Makole. Mama Meshaki alikuwa anapanga makopo yake.

“Binti wa Tanga, leo umewa...”

“Mama Meshaki, jina lako nani?”

“Makubwa! Umeajiriwa upolisi? Yudita.”

Nikamsimulia yote, tumesimama pale pale. Mwanzoni alitabasamu, anadhani namletea zile hadithi zangu. Nilipotaja ushanga, kopo lilimponyoka, karanga zikamwagika barabarani, wala hakuzitazama.

“Nani kakwambia habari ya ushanga?”

Akakaa kwenye kigoda chake akanieleza. Baba yake alipofariki yeye alikuwa mtoto mdogo. Watoto walizuiwa kusogea zizini. Akapenya katikati ya miguu ya wanaume, akauvua ushanga wake wa buluu shingoni, akautupa shimoni ili baba asiwe peke yake. Hakuna aliyemwona, na hakumwambia mtu hadi leo hii.

“Siku ya kuhamisha nilisema,” akaniambia. “Nilisema baba hayuko huku nje, baba yuko zizini. Lakini zizi lenyewe lilishakufa zamani, hakuna hata mti wake. Kaka zangu wamekulia mjini, shule za bweni, hata maziko ya baba hawakuyawahi. Wakanicheka. Wakasema wewe ulikuwa unanyonya, unakumbuka nini? Wakachimba pembeni ya mama, hawakukuta kitu, wakasema ardhi imemla. Wakachukua udongo.” Akajipangusa uso kwa kanga. “Mwisho na mimi nikaanza kuamini kwamba sikumbuki. Naenda kulia kwenye ule msalaba kila Pasaka, na moyo unaniambia, Yudita, hapa hapana mtu.”

Tulikwenda pamoja kwa kaka yake mkubwa, Simioni, mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akavua miwani.

“Yaani maneno ya mtu wa Tanga ndiyo yatupeleke tukachimbe kiwanja cha watu?”

Nilitaka kumjibu, mdomo wangu mnaujua. Mama Meshaki akanishika mkono akasimama yeye.

“Kaka, safari ile mlinicheka nikanyamaza. Safari hii sinyamazi. Msipochimba, nakwenda kuchimba mwenyewe, na nyie mkaniitie polisi.”

Nadhani ndugu yule hakuwahi kusikia sauti hiyo kwa mdogo wake. Akavaa miwani yake akatafuta kofia.

Kibali tulikipata kwa mbinde, mguu kwa mguu kutoka ofisi ya mtaa hadi kwa watu wa afya. Mwenye kiwanja, Mungu ambariki, akazuia kijiko. Na siku ilipofika mimi nikafanya kazi yangu: nikasimama karibu na zile kokoto, nikawaambia, ndugu wageni wangu, ni hapa.

Wakachimba. Udongo mwekundu, mwekundu, vijana wanatoka jasho, Simioni anaangalia saa. Mara ukageuka. Ukawa mweusi, mwepesi, laini. Mzee mmoja aliuchukua kiganjani akaunusa, akasema, samadi. Wakaacha majembe wakaendelea kwa mikono, na walipomfikia, shanga za buluu zilikuwa zimetawanyika pale palipokuwa kifua, uzi umeshaoza.

Simioni alikaa chini mavumbini na suti yake, akalia kwa sauti. “Yudita, mdogo wangu, nisamehe.” Yudita alipiga magoti pembeni ya shimo, akainama, akasema taratibu kama anayemwamsha mtu:

“Baba. Zamu yako.”

Ndipo wakaimba. Mimi Mwislamu, nyimbo zao sizijui, lakini siku hiyo niliimba.

Sasa nirudi kwenye lile gari. Yudita alikataa baba yake apakiwe nyuma ya pikapu. Akasema ataondoka na gari alilolipanda mwenyewe. Wakamweka kwenye kisanduku, wakakifunika kitambaa cheupe, kisanduku cha kubeba mkono mmoja, wakakiweka kiti cha mbele. Nikawasha.

Gari likalia.

Nakwambia lililia! Babu yule alipokaa pale mzima mzima, koti na fimbo, lilinyamaza kimya kama hapana mtu. Leo lilijua kuna mtu. Nilikaa na usukani mikononi nimeshindwa hata kukanyaga mafuta. Yudita akanyoosha mkono kutoka kiti cha nyuma, akavuta mkanda, akakifunga kile kisanduku vizuri.

“Tulia, baba,” akasema. “Tunakwenda kwa mama.”

Likanyamaza, tukaondoka.

Pale kwenye kiwanja sasa pana ghorofa. Wapangaji wameshaingia, nguo zinaanikwa, watoto wanalia, maisha yanakwenda. Nikipita jioni nashusha kioo natoa salamu, ingawa najua hayupo tena. Chumvi nimeacha kuongeza kwenye habari zangu. Na wageni wakiniuliza watu wa zamani wa hapa walikwenda wapi, nasema ukweli: sijui, ngoja tuulize.

Nawe unayenisikiliza, kama kwenu wanapitisha barabara na makaburi yanahamishwa, usiwasikilize wenye sauti kubwa peke yao. Kuna mdogo wenu mmoja mnayemcheka kwamba hakumbuki. Mpeni nafasi aonyeshe. Na siku mtu usiyemjua akikusimamisha jua likizama, akakuuliza kama watu wa mahali hapo wamehama wote, tafadhali usiwe na haraka ya kujibu. Huenda anayekuuliza ndiye aliyebaki.