Mkono wa Effie Kwenye Mtutu

Mama mkwe wangu Effie haoni vizuri siku hizi, lakini msimu wa kulungu wa barafu kuhama ukifika, thubutu umwambie abaki nyumbani. Nimeolewa kwa hawa Wagwich'in, wawindaji wa kaskazini kwenye theluji, miaka ishirini na sita sasa, na mbishi wa kumshinda huyo bado sijamwona. Tunamkalisha vichakani juu ya mto, blanketi magotini, naye ndiye anayetoa ruhusa ya kupiga risasi. Sheria ya huku ni moja: wa mbele haguswi. Akivuka salama, maelfu wanamfuata.

Mwaka mmoja hali yetu ilikuwa mbaya. Vuli iliyotangulia kulungu walipita mbali, tukala nyama ya kopo ya kuletwa kwa ndege mpaka tukaichukia. Tukiwakosa tena, tumekwisha. Mwenye bunduki alikuwa shemeji yangu Alfred, baba wa watoto watano, na subira hana hata chembe.

Effie aliwasikia kabla hatujawaona. Vifundo vya miguu yao hulia ta, ta, ta wakitembea, na wakiwa wengi hivyo bonde zima linalia. Kisha kilima kikaanza kusogea. Nimewaona mara nyingi, lakini siku ile nilijiona si kitu, hata njaa nikaisahau.

Jike mmoja mwenye pembe iliyovunjika akashuka, akanusa maji, akaingia. Wengine wakasimama ukingoni wamebanana, hakuna anayemsukuma mwenzake, macho yote kwake. Alipofika katikati ya mto, akageuka.

"Anarudi, mama. Atawarudisha wote," Alfred akasema, huku analenga. "Niache nimpate angalau huyu."

Effie akapapasa, akaushika mtutu, akaukandamiza chini. "Basi nipige mimi kwanza."

Mishipa ya shingo ilimtoka Alfred. Angetaka, angemsukuma tu. Bibi mwenyewe hafiki kilo arobaini. Akaondoa kidole kwenye kifyatulio.

Jike akaogelea hadi ukingoni. Kumbe ndama wake alibaki pale, anaogopa maji. Akamgunia, akamsukuma kwa pua, wakaingia pamoja, mama akimkinga mkondo kwa ubavu wake. Ndipo kundi lote likajitosa. Mto ulijaa pembe, maji hayakuonekana tena. Nililia, wala sioni haya kusema.

Effie alipouachia mtutu, wa mbele walikuwa wameshapanda ng'ambo. Tukapata wanane kutoka mkiani mwa kundi.

Tukiwa tunachuna, Alfred akamuuliza mama yake alijuaje kwamba yule jike angeingia tena majini.

"Sikujua," Effie akasema. "Nilipokuwa bi harusi nilimwona wa mbele akigeuka vilevile. Nikampiga. Kundi likakimbia, na ndama wake akabaki ukingoni akimwita mpaka jioni."

Majira yale ya baridi ya kula sungura, kulungu walipokosekana na kijiji kizima kikaona njaa, sote tuliyasikia tangu zamani. Aliyeyasababisha hatukuwahi kutajiwa.

Alfred akafuta kisu. Akakata ulimi wa kulungu wa kwanza, kipande anachokipenda mama yake kuliko vyote, akauosha mtoni, akamwekea mkononi.