Usiku wa Ijumaa wa Bi Rawya

Sanduku la Bi Rawya binti Marhoun lilikuwa limeshafungwa na kufunguliwa mara nne, na safari yenyewe bado siku tano. Kila akilifunga hukumbuka jambo. Mara kilo mbili za karafuu amezitia juu mno, zitaziponda nguo za harusi. Mara papa mkavu hakuzungushiwa mifuko ya kutosha, na hiyo ni aibu gani, mtu kuingia Maskati mara ya kwanza na miaka yake sabini na moja, harufu imtangulie mlangoni. Lakini papa hakuwa wa kuachwa. Dada yake Zuweina alimwagiza mwenyewe kwa simu.

"Nyama za huku zimenikinaisha, Rawya. Niletee papa wa kwetu nile kabla sijafa."

Neno hilo la mwisho Bi Rawya alilicheka, na simu ilipokatika akakaa kitako barazani mpaka adhuhuri. Zuweina hakuwa akitania. Figo zake zilikuwa zimechoka, mara tatu kwa wiki hupelekwa hospitali kusafishwa damu. Harusi ya mjukuu wake Wafa ilikuwa Jumamosi usiku, nayo ilihimizwa makusudi ili bibi aiwahi. Mtoto wa Zuweina, Anas, ndiye aliyemkatia tiketi mama yake mdogo wa Pemba.

Ndugu hawa wawili hawakuonana tangu mwaka wa sabini na mbili, Zuweina alipoolewa akachukuliwa. Mwaka wa tisini na tano alikuwa aje, ukaingia ule uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, watu wa nyumba mbili zilizopakana hawazikani, Anas akasema mama hatoki. Mwaka wa elfu mbili na moja alikuwa aende Bi Rawya, lakini mwaka ule waliokuwa wakitoka kisiwani walikuwa wakikimbia risasi, hawakuwa wakienda harusini. Kisha ikaja kazi ya pasipoti. Pasipoti yataka barua ya sheha wa mtaa, na sheha alikuwa akijua kila kanga ya mtaani ina rangi ya chama gani. Miezi saba ikapita kabla hajaiandika. Sasa pasipoti ilikuwa imefungwa kwenye leso, na leso iko chini ya mto, na mto Bi Rawya hakuuacha peke yake ila akienda kutia udhu.

Tiketi aliileta mwanawe Hamad, mwalimu wa jiografia hapo Kengeja, aliyekwenda kuichapisha Chake. Bi Rawya aliigeuza mbele na nyuma.

"Ndiyo karatasi hii tu? Haya, nsomee."

"Unguja mpaka Maskati. Ijumaa, sifuri sifuri, arubaini. Yaani saa sita na dakika arubaini za usiku. Nshapanga kila kitu, mama. Ijumaa asubuhi tunapanda boti Mkoani, mchana tuko Unguja, unapumzika kwa Nyange, usiku nakupeleka uwanjani. Jumamosi asubuhi uko Maskati."

Bi Rawya akaikunja karatasi. "Ni usiku wa Ijumaa, au ni Ijumaa usiku?"

"Kwani kuna tofauti gani?"

"Mie ndiye nkuulizaye."

Kwake yeye tofauti ilikuwa siku nzima. Siku huanza jua linapotua. Alhamisi ikishaadhiniwa magharibi, Alhamisi imekwisha, umeingia usiku wa Ijumaa, usiku wa kusomewa wafu Yasini, na hili hata mtoto wa chuo cha Kurani alijua. Ijumaa yenyewe jua likizama, kinachofuata si chake tena, ni usiku wa Jumamosi. Sasa hiyo saa sita na arubaini ilikuwa upande gani wa Ijumaa, kichwani au mkiani?

"Mama," Hamad alisema taratibu, kama asemavyo na mwanafunzi mzito, "wenye ndege hawahesabu kwa adhana."

"Wapigie uwaulize."

"Niwapigie niwaambie mwalimu kashindwa kusoma tiketi?"

Hakuwapigia. Bi Rawya alilala akizihesabu adhana kwa vidole. Kulipokucha akaitisha simu, akampigia Anas, asipatikane. Alikuwa kazini jangwani kusikofika mtandao, harudi mpaka Alhamisi jioni. Akampigia Zuweina.

"Dada, napanda ndege lini mie?"

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Ndege. Napanda lini?"

"Aa. Usiku wa Ijumaa. Anas kanambia usiku wa Ijumaa. Rawya, papa umemfunga vizuri? Maana hapa wana mbwa wa kunusa." Kisha sauti ikapungua. "Usichelewe mdogo wangu. Mie sasa nkilala siamini kama ntaamka." Na salio likaisha.

Simu ilikuwa imewekwa kwa sauti ya juu, na wote wawili walisikia. Bi Rawya akamtazama mwanawe kwa ushindi, na Hamad akamtazama mama yake kwa ushindi vilevile.

"Umesikia, mama? Ijumaa usiku."

"Kasema usiku wa Ijumaa."

"Ndio nisemavyo."

Bi Rawya akaona kumbe neno moja laweza kukaa kati ya watu wawili, kila mmoja akashika ncha yake, na wote wakaapa wanalo. Zuweina aliondoka kisiwani na Kiswahili cha mama yao, hilo aliliamini. Lakini je, miaka arubaini ya Maskati haikumgeuza? Na kama yeye Zuweina kageuka ulimi, basi Hamad yu sawa, na yeye Bi Rawya ni bibi kizee anayebishana na karatasi.

Siku zile tatu hakula kitu kikajaa tumboni. Mkwewe Mwanakhamis alimwambia jirani yao Siti, ukutani, asijue kwamba anasikika: "Ana kiwewe cha ndege yule. Ametuuliza leo ni siku gani mara sita." Siti akajibu, "Mwache, mtu hajapanda hata lifti." Bi Rawya akakohoa, na ukuta ukanyamaza.

Jumatano alasiri alimwita Hamad akamketisha mbele ya sanduku.

"Kesho nakwenda."

"Kesho Alhamisi, mama. Nina mitihani ya kusimamia."

"Sikukwambia tuende. Nimesema nakwenda."

"Utakaa Unguja siku nzima kufanya nini? Watu watakucheka."

"Sikiliza, baba. Nkikosea mie, ntalala nyumba ya watu siku moja na ntachekwa, na mie kuchekwa nshazoea tangu nyinyi hamjazaliwa. Ukikosea weye, ndege imekwenda na kiti changu kitupu. Tiketi nyingine hakuna, na Zuweina hana wiki ya kunipa."

Asubuhi Hamad alimpandisha garini mpaka Mkoani, akambebea sanduku hadi kwenye ubao wa boti, akarudi skuli mbio. Uso wake ulikuwa wa mtu anayempeleka mzazi kwenye fedheha.

Bandarini Unguja alipokewa na Nyange, mtoto wa marehemu nduguye mwanamume, aliyekuja na gari ya kuazima.

"Shangazi, Hamad kanambia. Umekuja kuilinda ndege isikutoroke?"

"Nimekuja kuilinda. Nipeleke uwanjani."

"Sasa hivi? Wali uko mezani. Ndege kesho usiku."

"Nyange, marehemu baba yako hakuwa akinibishia."

Wakaenda. Njia nzima Bi Rawya alikuwa akiitazama karatasi asiyoweza kuisoma. Tarakimu zile alizijua, sifuri ni sifuri kila pahali, lakini siku ilikuwa kwa Kiingereza, herufi tatu tu, nazo hazikumwambia zimeanza lini wala zinakwisha lini.

Mlangoni alisimama askari mwanamke kijana, mtandio mweusi, kalamu sikioni. Bi Rawya akampa karatasi kwa mikono miwili.

"Mwanangu, nsomee. Ndege hii yaondoka usiku upi?"

Msichana akasoma, akaitazama saa yake. "Mbona mapema, bi mkubwa? Hata meza hazijafunguliwa. Ni usiku huu."

"Usiku huu wa leo?"

"Huu unaokuja. Ikishagonga saa sita inaingia Ijumaa, dakika arubaini baadaye mnaruka. Mungekuja kesho mungekuta imeshafika Maskati na imesharudi."

Nyange akashika kichwa. Bi Rawya akashika mkono wa sanduku. Nyange ndiye aliyempigia Hamad akamweleza, kisha akampa simu shangazi yake.

"Mama," alisema Hamad, "siku yao huanza saa sita usiku. Nawasomesha watoto kila mwaka."

"Najua, baba."

"Unisamehe."

"Nshakusamehe. Rudi kwenye mitihani yako."

Nyange alimbembeleza waende nyumbani wakale, warudi baada ya isha, muda ulikuwa tele. Bi Rawya alikataa. Akachagua kiti kinachotazama mlango, akakaa na pasipoti mkononi, sanduku katikati ya miguu. Zilibaki saa tisa. Kiu ilimshika, na duka la maji lilikuwa hatua ishirini tu kutoka pale, lakini hakunyanyuka, asije akaitwa hayupo.