Kijungu Changu na Udongo wa Mgodini

Nakumbuka asubuhi moja nilipokuwa sonara kijana pale Mkunazini, hodari wa mikono na mwingi wa kiburi. Nakwambia haya, mwanangu, kwa sababu ya wale watu ulionionyesha kwenye simu, wanaotaka uuze kiwanja chako uingie katika mradi wao wa kutoa madini adimu kwenye taka za migodi. Sisemi ni waongo. Nasema tangu unionyeshe moyo wangu haujatulia.

Asubuhi hiyo dukani kwangu aliingia mgeni kutoka bara na mfuko wa udongo wa kijivu. Alisema ni marudio, yaani mawe yaliyokwisha kusagwa na kuoshwa kwenye mgodi mkubwa, yakatupwa huku dhahabu yake ya mwisho ingali imo. Alitaka ninunue shehena nzima. Nilimshuku papo hapo. Nilimkalisha mlangoni, mbali na meza yangu, nikamwambia aweke mikono magotini niione. Udongo niliuchota mwenyewe, nikautia kwenye kijungu changu cha kuyeyushia, na moto nikauwasha mwenyewe. Ulipopoa, chini palikuwa na tembe ya dhahabu, ndogo kama ufuta.

Basi nikaamini. Angenidanganyaje, na mkono wake haukugusa kitu? Nilikwenda nyumbani nikamwomba mama bangili zake za harusi, dhahabu pekee aliyobakiwa nayo. Alizivua kwa sabuni. Mpaka leo naona haya nikiukumbuka ule mkono mtupu.

Nilirudi dukani, mgeni akiningoja. Kabla sijampa, aliingia Bi Zuwena, mama mtu mzima aliyekuwa akizungukia maduka ya masonara kukusanya mavumbi ya sakafuni na kuyaosha apate chembe tulizodondosha.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Bangili za mamako zafanya nini hapa?"

Nikamweleza. Akauliza, "Umeyeyushia nini?"

"Kijungu hichi hichi, Bi."

"Hicho cha miaka yote? Hebu yeyusha mchanga wa pwani humo."

Nilikasirika. Nilidhani anaitaka biashara ile iwe yake, na nikamwambia hivyo mbele ya mgeni, bila adabu. Bi Zuwena alitoka, akarudi na konzi ya mchanga. Niliuyeyusha makusudi nimwaibishe. Ulipopoa, chini palikuwa na tembe ya dhahabu.

"Kuta za kijungu zimenywa dhahabu ya wateja wako," akasema. "Vijungu vikongwe nnavyovichukua kwenu, ulidhani nnakwenda kupikia uji?"

Nilichukua kijungu kipya, nikatia udongo wa mgeni. Hapakutoka kitu ila taka nyeusi. Mgeni alifunga mfuko wake akaondoka bila kuaga. Sijui hata leo kama alikuwa mwizi aliyezijua vyema kazi zetu, au mjinga mwenzangu aliyekwisha kuuziwa na wengine.

Nikamwomba radhi Bi Zuwena. Akaniambia, "Umemshuku mgeni, umenishuku na mimi. Wewe mwenyewe je?" Kisha akaniamuru nimrejeshee mama bangili zake kabla ya adhuhuri. Mama alizivaa bila kuniuliza neno, na hilo liliniumiza kuliko kugombezwa.

Huenda kweli zipo mashine siku hizi zinazotoa mali kwenye taka za migodi. Mimi sonara tu, sizijui. Lakini usiridhike kwa kuwa umeona kwa macho yako, maana nami niliona. Waombe udongo wao, uupeleke upimwe kwa mtu asiyekujua wala asiyewajua wao, na asiyepata kitu ukiingia wala usipoingia. Wakikunyima, kaa na kiwanja chako. Na kabla ya hayo yote, jiulize umetamani kiasi gani iwe kweli, kwani hapo ndipo mimi nilipojidanganya.

Mwenyezi Mungu akupe riziki ya halali, mwanangu, akuhifadhi na watu wa maneno matamu, na akujaalie mtu wa kukuudhi mapema.